Umeme Hupotea Njiani

Pikipiki iliyokwishakula miaka ishirini au thelathini ya pwani haifi kwa siku moja. Indiketa ndizo huanza: huwaka kwa uvivu, zikakaa kimya, zikawaka tena. Kisha taa kubwa ya mbele hubadilika rangi, weupe ukawa manjano, manjano yakaelekea wekundu. Honi hukoroma badala ya kulia. Injini hukataa kuwaka alfajiri, na saa sita mchana huwaka kana kwamba haijawahi kugoma. Mwenye pikipiki wa Tiwi, Oman, huipakia kwenye pikapu mpaka sanaiya ya Sur, yaani eneo la gereji, akaambiwa betri imekufa, akanunua betri. Taa zikirudi kufifia ataambiwa ni regyuleta, na baada ya regyuleta ni koili za chaji, na baada ya koili ni boksi la CDI linalotoa cheche ya plagi. Kila kifaa kipya huipa pikipiki nguvu kwa muda, na kila mara ugonjwa hurudi. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba kazi hiyo imeanzwa kutoka mwisho. Katika pikipiki kuukuu, umeme mara nyingi haupotei ndani ya vifaa. Hupotea kwenye njia inayoviunganisha: kwenye soketi, vichwa vya betri, swichi na, kuliko kwingine kote, kwenye ethi, yaani pale umeme unaporudi betri kupitia fremu. Anayeanza kwa kununua kifaa anaanza mahali ambapo kosa haliko mara nyingi, na ndipo penye gharama kubwa zaidi.

Tutazame kwanza mahali penyewe. Tiwi imekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya bahari na mlima, pale Wadi Shab na Wadi Tiwi zinapomalizikia, kwenye mwambao unaotoka Quriyat kwenda Qalhat na Sur. Mawimbi yanapovunjika hurusha matone madogo. Maji hukauka hewani, chumvi hubaki, na upepo huileta mpaka uani ukailaza juu ya kila waya. Chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Madhara huanza unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75, kwa kuwa hapo chumvi ya kawaida huanza kuyanyonya maji ya hewani mpaka inayeyuka yenyewe, na kila punje ikawa tone la maji ya chumvi kali. Usiku wa kiangazi kwenye pwani ya Oman huvuka kiwango hicho mara nyingi. Jua likipanda, au ukivuma gharbi, ule upepo mkavu wa moto unaotoka upande wa jangwa, matone hukauka tena. Hapo ndipo tunapopata maelezo ya kosa linaloonekana alfajiri na kupotea adhuhuri, na ya fundi asiyeona kitu pikipiki inapomfikia jua likiwa kali. Yuko atakayesema kwamba betri hulegea kwa baridi ya alfajiri. Katika nchi za theluji ni kweli. Lakini Quriyat, kwenye mwambao huu huu, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku na mchana. Baridi ya alfajiri haiwezi kubebeshwa lawama mahali kama hapo. Kosa linalokuja na kuondoka kwa kufuata unyevu linaelekeza kidole kwenye chumvi, na ushahidi huo hauhitaji chombo chochote isipokuwa mtu kuangalia saa na hali ya hewa kabla ya kufungua pochi.

Chumvi hiyo huharibu kwa namna mbili zilizo kinyume, na asiyezitenganisha atachanganyikiwa. Ikiwa mbichi hupitisha umeme pasipotakiwa, kwa kutambaa kutoka pini moja ya soketi kwenda jirani yake. Ikikaa miaka, huila shaba na kuzuia umeme pale unapotakiwa kupita. Ndani ya soketi vipande viwili vya shaba vilivyopakwa bati hukutana, na ingawa kwa macho vinaonekana kushikana uso kwa uso, kwa kweli hugusana kwenye vidoa vichache vidogo mno. Injini ya silinda moja hutetemesha vidoa hivyo muda wote inapozunguka, na njia ya kupanda Wadi Tiwi kuelekea Mibam, nyembamba na yenye kokoto, huongeza yake. Bati husagika, shaba hubaki wazi, chumvi huifikia, na ile kutu ya kijani huanza kuota. Kwenye ethi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu pale kipete cha shaba hubanwa kwa boliti juu ya chuma cha fremu. Metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi pamoja, moja huliwa haraka ili kuilinda nyingine, na hapa kinacholiwa ni chuma. Sasa fuata kwa kidole njia ya umeme wa taa ya mbele: kichwa cha betri, kishikio cha fyuzi chenye migusano miwili, soketi ya swichi kuu, mgusano ulio ndani ya swichi hiyo, swichi ya taa, swichi ya juu na chini, soketi ya taa, ethi ya taa, fremu, kisha kichwa cha pili cha betri. Viungio ni kumi na zaidi, taa ni moja. Hata kama hatujui lolote jingine, idadi hiyo peke yake inatuambia tuanze kutafuta wapi.

Ukubwa wa hasara hukadiriwa kwa hesabu ambayo Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827, na haina ugumu wowote. Taa ya wati 35 kwenye pikipiki ya volti 12 huvuta karibu ampia 2.9. Chukua kiungio kimoja kilichochafuka kiasi cha kuleta ukinzani wa nusu omu, uchafu ambao kwa macho hata hauonekani wa kutisha. Kiungio hicho kitakula volti 1.3 hivi, na taa itabaki na 10.7. Mtu atasema volti moja na ushei si kitu. Ila mwanga wa taa ya waya haushuki sambamba na volti. Hushuka kwa kasi zaidi ya mara tatu ya kushuka kwa volti, na kwa hasara hiyo ndogo theluthi nzima ya mwanga imekwenda. Kiungio hicho hicho ukikiweka kwenye pikipiki ya zamani ya volti 6, yenye taa ya wati 35 zile zile, mambo huharibika kabisa. Kwa kuwa volti ni nusu, umeme unaopita ni maradufu, karibu ampia 5.8, taa hubaki na volti nne tu, na mwanga hushuka hadi kiasi cha robo. Hapa ndipo ilipotoka ile sifa mbaya ya pikipiki za volti 6, kwamba taa zake hazina nguvu. Zilipotoka kiwandani zilikuwa nazo. Zilichokosa ni uwezo wa kuvumilia viungio vichafu, na miaka ya pwani imezitoza kwa hilo.

Stata inafundisha jambo la pili. Yenyewe huvuta makumi ya ampia kwa mkupuo. Kiungio chenye ukinzani mdogo kabisa, sehemu moja ya ishirini ya omu, hakidhuru taa. Kitakula volti 0.15 tu, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Lakini stata ikivuta ampia 80 kupitia kiungio hicho, volti 4 zinapotea, na kinachosikika ni mlio mkavu wa rilei basi. Betri inaonekana imekufa, kumbe ni nzima. Kwa hiyo mtu asihitimishe kwamba kwa kuwa taa inawaka vizuri basi waya mnene wa ethi wa injini ni safi. Taa haiulizi swali kubwa kiasi cha kuupata ukweli wa waya ule.

Watu wa Oman wana mfano wao tayari kwenye falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji ya shamba yakipungua, wakili wa falaji hakimbilii kusema chemchemi imekauka. Hutembea na mfereji, kutoka juu kwenda chini, akitafuta ufa. Umeme wa pikipiki unataka mwendo huo huo, isipokuwa kwa tofauti moja ambayo ndiyo mzizi wa makosa mengi: maji ya falaji yakishafika shambani kazi yao imekwisha, ila umeme lazima urudi ulikotoka. Nusu ya njia yake ni ya kurudia, na nusu hiyo kwa sehemu kubwa haina waya. Ni fremu, injini, usukani na boliti. Kwa kuwa haina waya, macho huiruka. Mtu atafuata waya wa kwenda kwenye taa inchi kwa inchi, autazame, auguse, aubadilishe hata, na asiikumbuke boliti iliyojificha chini ya tangi ambayo ndiyo inayorudisha kila kitu. Anayemiliki BSA au Triumph ya zamani aongeze uangalifu, maana pikipiki nyingi za Kiingereza mpaka miaka ya 1970 zilifunga upande chanya wa betri kwenye fremu, na kuzifungia betri kwa mazoea ya pikipiki za Kijapani ni kuziunguza.

Namna ya kuitembea njia hiyo kwa multimita inahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa na chombo chenyewe, wakasema mita inadanganya. Mita haidanganyi, imeulizwa swali lisilofaa. Mazoea ni kuiweka kwenye omu, kupima waya kutoka mwanzo hadi mwisho, na ikionyesha karibu na sifuri, kusema waya mzima. Lakini mita inapopima omu hupitisha umeme kidogo sana. Waya wenye nyuzi ishirini, ambao kumi na tisa zimekatika ndani ya gamba lake na moja imebaki, utapita mtihani huo bila taabu, na utashindwa mara tu taa itakapodai ampia tatu. Kuna pia mtego wa upande wa pili: mtu huichomoa taa, huweka ncha za mita kwenye soketi tupu, huona volti 12.4, akasema umeme umefika. Umefika kwa sababu hakuna anayeuvuta. Multimita ya kisasa karibu haitumii umeme wowote inapopima volti, na hata kiungio kilichooza kitapitisha kidogo hicho. Kanuni inayotoka hapa ni moja: pima njia ikiwa kazini, taa ikiwa imewashwa, stata ikiwa imebonyezwa, honi ikiwa inalia.

Basi washa taa ya mbele. Soma betri kwanza. Tuseme inaonyesha 12.2. Soma taa yenyewe kwenye ncha zake mbili, ikiwa inawaka, tuseme 9.8. Volti 2.4 zimepotea, na sasa swali ni upande gani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye ncha ya taa inayopokea umeme. Mita itaonyesha zile tu zilizopotea wakati wa kwenda, tuseme 0.4. Hamisha zote mbili, moja kwenye kichwa hasi na nyingine kwenye ncha ya ethi ya taa, na utakuta 2.0. Hesabu imefunga, 9.8 na 0.4 na 2.0 ni 12.2, na kufunga huko ndiko kunakokupa haki ya kuamini ulichopima. Sehemu kubwa ya kosa iko kwenye kurudi. Acha ncha moja kwenye kichwa hasi na isogeze nyingine hatua kwa hatua: kutoka kwenye taa hadi kwenye usukani, kutoka usukani hadi shingo ya fremu, kutoka shingo hadi boliti ya ethi, kutoka boliti hadi waya wake. Pale namba inapoanguka ghafla kutoka 2.0 kwenda sehemu ndogo ya volti moja, umekipita kiungio kibovu hatua iliyotangulia. Njia nzima ya kurudi ikiwa nzuri haipaswi kula zaidi ya volti 0.1 au 0.2. Kazi hii yote ni ya dakika chache, na haikufungua hata boliti moja.

Mara nyingi namba huangukia kwenye shingo. Pikipiki kadhaa za zamani hurudisha umeme wa taa kupitia beringi za usukani, ambazo zimejaa grisi na hugusana kwa shida. Dawa yake ni waya mmoja wa ziada kutoka kwenye ganda la taa hadi kwenye fremu. Hapo hapo shingoni ndipo nyaya zote za mbele hujikunja kila usukani unapogeuzwa, mpaka gamba likachubuka. Na kuna kosa linaloletwa na mapenzi. Mtu huichukua Honda au Yamaha kuukuu, huipiga rangi upya fremu nzima kwa uangalifu mkubwa, huifunga, na umeme uliokuwa wa kuridhisha ukawa haufai. Rangi nzuri imekaa chini ya kila kipete cha ethi. Ni lazima ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kipete kifungwe juu ya chuma kitupu, ndipo grisi ipakwe juu kuzuia chumvi. Kukwangua rangi mpya kunauma, naelewa, lakini eneo lenyewe ni dogo na hufunikwa na boliti.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni zito, kwa kuwa linatoka kwenye uzoefu: kubadilisha kifaa huponya. Fundi ametia regyuleta mpya na taa zimewaka. Utamwambiaje kwamba regyuleta haikuwa na kosa? Jibu liko kwenye tendo lenyewe la kubadilisha. Ili kutia kifaa kipya sharti uchomoe soketi na kuichomeka tena, na pini zinapoteleza ndani ya soketi hujisugua, kutu hukwanguka, na mgusano mpya hupatikana kwenye vidoa vingine vya shaba. Kiungio kimesafishwa bila mtu kukusudia, na sifa imepewa kifaa. Baada ya wiki kadhaa za unyevu na mtetemo kutu hurudi, na kifaa kipya huonekana nacho kimekufa. Jaribio la kuupata ukweli ni rahisi: kifaa kipya kikiponya, kirudishe kile cha zamani. Ikiwa pikipiki bado ni nzima, umejua kilichoiponya. Sijui jaribio lingine lenye bei ndogo kama hili ambalo huachwa mara nyingi hivi.

Pingamizi la pili ni kwamba vifaa navyo hufa kweli, hasa kwenye joto la Oman. Nalikubali, tena bila kusitasita. Betri za asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi kumi zinazoongezeka juu ya joto la kawaida. Hakuna usafi wa soketi utakaoiponya betri iliyozeeka kwa njia hiyo. Koili nayo ikipata moto ukinzani wa shaba yake huongezeka, na gamba lake likiwa limepasuka, pikipiki itazima ikiwa moto na kuwaka ikipoa, jua au unyevu viwe vyovyote. Kosa linalofuata joto la injini, si unyevu wa hewa, huashiria koili, pikapu ya magneti au CDI, na hapo kununua kifaa kunaweza kuwa halali. Lakini hata katika vifo hivi njia ina mkono wake. Regyuleta nyingi za Kijapani za zamani hupima volti mlangoni kwake, si kwenye betri. Kiungio kati yake na betri kikila volti moja, regyuleta itaona 14.4 na kuridhika, huku betri ikipokea 13.4, chini kidogo ya kinachotakiwa, siku baada ya siku, mpaka inaganda salfeti na kufa. Ukitia betri mpya bila kukigusa kiungio kile, umeitia kwenye kaburi la mwenzake. Soketi ya zile nyaya tatu za manjano zinazotoka kwenye magneti ni shahidi mwingine. Ampia 10 zikipita kwenye ukinzani wa 0.2 omu, wati 20 za joto huzaliwa ndani ya kipande kidogo cha plastiki. Joto huoksidisha shaba, ukinzani hupanda, joto huongezeka, na mwisho soketi huyeyuka ikawa kahawia. Anayeikuta hivyo na kununua koili peke yake ameacha chanzo mahali pake.

Cheche ya plagi inahitaji neno lake, kwa sababu hapo kosa huwa ni njia iliyoongezeka badala ya njia iliyopungua. Katika Honda nyingi, pamoja na CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo injini yake ndiyo asili ya injini nyingi za Kichina zinazobeba bodaboda kutoka Mombasa hadi Kigoma, waya mweusi wenye mstari mweupe ndio unaozima injini: ukigusana na fremu, cheche hufa. Wa kijani ni ethi, mwekundu hutoka betri, mweusi hubeba umeme baada ya swichi kuu. Waya ule wa kuzimia ukichubuka shingoni, au chumvi mbichi ikijaa ndani ya swichi ya usukani, pikipiki yenye CDI hukosa cheche asubuhi ya unyevu bila kifaa chochote kuharibika. Kabla ya kununua CDI, uchomoe waya huo peke yake upande wa CDI na upige kiki. Cheche ikirudi, boksi ni zima na njia ndiyo yenye kosa. Kumbuka tu kwamba ukiwa umeuchomoa, ufunguo hautaizima injini.

Kuna wanaosema dawa ni kung'oa nyaya zote na kutia mpya. Wana hoja pale magamba yalipokauka na kupasuka yanapokunjwa, au pale ambapo ukilivuta gamba nyuma, shaba iliyo ndani ni nyeusi kwa kina kirefu. Lakini nyaya mpya zina viungio vile vile kumi na zaidi, kila kimoja kimebanwa na mtu ambaye kazi yake hatuijui, na nyaya za bei ndogo huwa ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na ikiguswa na maji ya chumvi huliwa upesi. Nyaya za Kijapani za miaka ya 1980 zenye shaba halisi, zilizosafishwa viungio na kukatwa sehemu zilizooza, mara nyingi zitaishi kuliko hizo mpya. Kwenye kusafisha kwenyewe mkono uwe mwepesi: msasa mkali huondoa bati lililobaki na kuiacha shaba uchi. Maji ya limau huyeyusha kutu ya kijani vizuri, mradi yaoshwe kwa maji baridi mengi, yakaushwe kabisa, na pini zipakwe grisi nyepesi au vaselini.

Pingamizi la mwisho ni la fedha na muda: mteja halipii kupimwa, hulipia kuponywa. Hili ni la kweli katika gereji zote, na si kosa la fundi. Ila kwa mtu wa Tiwi, kifaa kinachokosekana Sur hutafutwa Muscat au huagizwa Dubai, na kila ubashiri uliokosewa ni safari nyingine. Pia kuna suala la lugha. Mwenye pikipiki huenda nyumbani anazungumza Kiarabu na Kiswahili, na fundi wa sanaiya mara nyingi anatoka Bara Hindi. Maelezo ya ugonjwa hupotea kati yao mpaka yanabaki kuwa betri mbovu. Namba hazipotei hivyo. Anayefika na karatasi iliyoandikwa 12.2, 9.8, 0.4 na 2.0 ameshamweleza fundi wa taifa lolote mahali pa kuanzia, na ni vigumu kwa yeyote kumuuzia regyuleta juu ya namba hizo.

Vimbunga vimeuweka wazi udhaifu wa viungio kuliko kitu kingine. Gonu ya Juni 2007 na Phet ya Juni 2010 zote zilipitia upande huu wa Oman, na wadi ziliposhuka ziliingia na matope kwenye nyumba na gereji. Pikipiki iliyozama hushawishi watu kuianika juani na kujaribu kuiwasha, na ushauri wa kuiosha tena kwa maji husikika kama wazimu. Lakini kinachoangamiza hapa si maji, ni chumvi na udongo vinavyobaki maji yakishakauka. Ondoa betri kwanza, fungua kila soketi, osha kwa maji safi yasiyo na chumvi mpaka udongo uishe, puliza hewa, kausha kivulini kwa siku kadhaa, paka grisi, ndipo urudishe betri. Vifaa vingi vilivyofungwa vizuri huvumilia kuzama kwa muda mfupi. Soketi zilizoachwa na matope ya chumvi ndani hazivumilii msimu mmoja.

Kazi ikiisha, pima upya kila kitu. Kwanza betri, injini na taa zikiwa zimezimwa, inayopaswa kuwa karibu 12.6 ikiwa imejaa. Kisha betri injini ikizunguka kwa kasi ya kati, inayopaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5, na mwisho, taa ikiwa imewashwa, volti zinazopotea kwenda na volti zinazopotea kurudi. Ziandike pamoja na tarehe kwa kalamu isiyofutika upande wa chini wa kiti. Kabla ya kiangazi kijacho, kabla unyevu haujapanda, zipime tena. Namba ya kurudi ikiwa imetoka 0.1 ikafika 0.5, boliti ya ethi chini ya tangi inataka kufunguliwa sasa, wakati taa bado inawaka vizuri na hakuna mtu aliyekwisha kutajiwa bei ya betri.